Baa iliyofichwa ukutani Beverly Hills, na Bwami uliofichwa Pangi

Katika mji wa Beverly Hills, jirani na Los Angeles huko Marekani, kuna jumba la mawe ya kijivu lenye vyumba 55. Jina lake ni Greystone. Wageni wanaopitishwa ndani huonyeshwa ngazi kubwa, sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, na mbao za kuchongwa. Lakini sehemu inayosimuliwa zaidi ni upande wa michezo. Huko kuna chumba cha biliadi, chumba kirefu cha kurusha tufe na kuangusha pini, na baa ambayo fundi aliijenga ili iweze kufungwa isionekane. Ikifungwa, mtu anayeingia anaona ukuta tu, kama kuta nyingine za nyumba.

Jumba hilo lilimalizika mwaka 1928. Wakati huo Marekani ilikuwa katika mwaka wa tisa wa marufuku ya pombe, iliyoanza tarehe 17 Januari 1920 na kufutwa tarehe 5 Desemba 1933. Kutengeneza pombe, kuiuza na kuisafirisha vilikuwa makosa. Kuinywa hakukuwa kosa. Aliyekuwa ameweka akiba nyumbani kabla ya sheria kuanza aliruhusiwa kuimaliza akiwa na wageni wake. Tundu hilo katika sheria lilikuwa pana kama mlango wa kanisa, na wenye mali walipita humo. Maskini alikamatwa na chupa mfukoni, tajiri alijenga ukuta unaofunguka.

Mwenye nyumba aliitwa Edward Doheny mdogo, maarufu kwa jina la Ned. Baba yake, Edward Doheny mkubwa, alikuwa amechimba mafuta ya petroli Los Angeles tangu mwaka 1892, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Jumba la mtoto wake liligharimu zaidi ya dola milioni 3 za wakati ule. Ned aliingia na mke wake Lucy na watoto wao watano mwishoni mwa 1928, lakini hakukaa hata miezi sita. Usiku wa tarehe 16 Februari 1929 alikutwa amepigwa risasi ndani ya nyumba hiyo, pamoja na katibu wake Hugh Plunkett. Maelezo ya serikali yalisema Plunkett alimuua bosi wake kisha akajiua. Mpaka leo wapo wasioyaamini, kwa sababu wawili hao ndio waliokuwa wamepeleka dola 100,000 taslimu kwa waziri mmoja wa serikali mwaka 1921, katika kashfa ya rushwa ya mafuta iliyotikisa Washington.

Mji wa Beverly Hills ulilinunua jumba hilo mwaka 1965, na mwaka 1971 bustani yake ikawa ya watu wote. Watengenezaji wa sinema wanalipenda. Sehemu ya mwisho ya filamu ya "There Will Be Blood", iliyotoka mwaka 2007, ilipigwa katika chumba kile cha kurusha tufe. Kwa ufupi, mahali palipokuwa pa kuvunja sheria sasa ni mali ya serikali ya mji, panatunzwa kwa fedha za mji, na watu wanaingia kutazama.

Msomaji wa Kindu au wa Kampene anaweza kuuliza hayo yanatuhusu nini. Jibu liko kilometa chache tu kutoka hapo. Mgeni akitoka Greystone na kufuata barabara ya Sunset kuelekea magharibi, anafika kwenye Chuo Kikuu cha California, UCLA. Ndani ya chuo hicho kuna makumbusho ya Fowler. Makumbusho hayo yanahifadhi moja ya mikusanyiko mikubwa duniani ya vitu vya Bwami: sura ndogo za pembe ya ndovu, sanamu za watu, vijiko, viti, kofia. Vyote vilitoka kwa Balega, yaani katika misitu ya Pangi, Shabunda na Mwenga. Na hivyo navyo vilipitia kipindi cha marufuku na cha kufichwa. Lakini nyumba vilimotumika hazina bustani ya mji wala mtu wa kuwapitisha wageni.

Nyumba isiyo na mfalme

Kwanza tuondoe utata. Wasomaji wa Bukavu wakisikia neno Bwami wanafikiria mwami, yaani mtawala wa Bushi au wa Buhavu. Kwa Balega si hivyo. Balega hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulijitawala, na heshima kubwa ilikuwa ya watu waliopanda ngazi za Bwami. Mtu hakurithi cheo hicho kwa baba yake kama kiti. Alipaswa kutahiriwa kwanza katika bwali, kisha kuingizwa daraja moja baada ya jingine: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Ndani ya madaraja ya juu kuna vidaraja, na kilele chake ni lutumbo lwa kindi. Waliofika huko walikuwa wachache katika kila ukoo.

Mwanaume hakupanda peke yake. Wanawake wana madaraja yao, na la juu, bunyamwa, ni la mke wa kindi. Bila mke aliyeingizwa pamoja naye, mwanaume hawezi kufika kileleni. Jambo hilo wageni wengi walioandika juu ya "chama cha siri cha Warega" hawakuliona, au waliliona wakalipita.

Kuingizwa kulikuwa karamu, na neno hilo ni la haki. Mtu aliyetaka kupanda alikusanya kwa miaka: mbuzi, nyama ya pori, mafuta ya mawese, chumvi, mikufu ya musanga iliyokuwa fedha ya Balega. Wajomba, wakwe na ndugu walichangia, kwa kuwa heshima ya mmoja ilikuwa heshima ya ukoo mzima. Wakuu wa Bwami walifika kutoka vijiji vya mbali. Ngoma zilipigwa na nyimbo zikaimbwa, siku baada ya siku. Kila usiku na kila asubuhi palikuwa na tendo lake, na baadhi ya matendo yalifanyika ndani ya nyumba iliyofungwa, ambamo asiyeingizwa hakukanyaga.

Ndani humo ndimo vikapu vilifunguliwa. Vitu vilitolewa kimojakimoja, vikapangwa chini, vikachezewa, vikaimbiwa. Kuna lukwakongo, sura ndogo ya mti yenye ndevu za nyuzi, ya watu wa yananio. Kuna lukungu, sura ya pembe ya ndovu inayotosha kiganjani, ya kindi. Kuna maginga, yaani sanamu za watu, ambazo kila moja ina maneno yake. Mashuhuri zaidi ni Sakimatwematwe, Bwana Vichwa Vingi, mwenye nyuso zinazotazama pande zote. Wimbo wake unamtaja kuwa ndiye aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Mwenye kufundishwa anaelewa kwamba mtu mzima wa Bwami hatazami upande mmoja: anayaona ya mbele na ya nyuma, ya kwake na ya jirani, kabla ya kusema neno katika baraza.

Sanamu hiyo bila wimbo ni kipande cha pembe chenye nyuso nyingi. Tofauti na baa ya Greystone iko hapo. Baa ikigunduliwa imegunduliwa, kwa sababu polisi akikuta chupa anajua ni chupa. Lakini bwana wa posta wa Kizungu aliyekuta lukwakongo ndani ya kikapu hakujua amekuta nini. Ukuta wa Bwami ulikuwa wa maneno.

Amri ya 1948

Wabelgiji waliujua Bwami mapema. Kamanda Charles Delhaise aliandika kitabu juu ya "Warega" mwaka 1909, na habari za Bwami zimo. Lakini kadiri utawala ulivyokazwa, ndivyo ulivyouchukia. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara ili kuhesabiwa na kutozwa kodi kwa urahisi. Tangu 1917 kulikuwa na siku 60 kwa mwaka za kilimo cha lazima, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikafikishwa 120. Huku Maniema ilikuwa pia ardhi ya bati. Symétain ilianzishwa mwaka 1932 na kuweka makao Kalima, na Cobelmin ilikuwa Kampene. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, bati ya Kongo ikawa kitu cha vita, na kila mkono wa kazi ukahesabiwa.

Katika hali hiyo, chama kinachokusanya watu kwa siku nyingi, chenye wakuu ambao serikali haikuwachagua, chenye mambo ambayo mzungu hakuruhusiwa kuyaona, hakikuweza kupendwa. Wamisionari nao walikuwa na sababu zao. Kisha mwaka 1944 ulitokea uasi wa Bushiri Lungundu na wafuasi wa Kitawala, upande wa Lubutu na Masisi. Bwami na Kitawala ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini baada ya hapo utawala wa Kivu, ambao Maniema ilikuwa chini yake, ulitazama kila kikao cha porini kwa jicho la askari.

Mwaka 1948 amri ikatoka: Bwami umevunjwa. Vitu vilivyopatikana vilichukuliwa. Wengine waliviuza kabla havijachukuliwa, wengine walivificha.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Katika Kongo hiyohiyo kulikuwa pia na marufuku ya pombe, na ilidumu kuliko ile ya Marekani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kupeleka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukakazia. Chini ya Wabelgiji Mkongomani aliruhusiwa bia, si pombe kali, na hata divai alifunguliwa katika miaka ya 1950 tu. Mzungu wa kampani alikunywa wiski yake bila kujenga ukuta wowote, kwa kuwa sheria haikumgusa. Aliyejificha ni mama aliyepika lotoko nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Marekani tajiri alivunja sheria akiwa amefichwa na fundi, na huku sheria yenyewe ndiyo ilikuwa fundi wa tajiri.

Kijana mmoja aliyepita Kalima wakati wa vita na kufanya kazi kwa muda mfupi katika Symétain aliliona hilo kwa macho yake. Jina lake Patrice Lumumba. Tutamrudia.

Muzungu aliyeruhusiwa kuingia

Amri ya 1948 haikuua kitu. Ushahidi mkubwa umeachwa na Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliyekuwa mtafiti wa taasisi ya serikali ya ukoloni, IRSAC. Kati ya 1952 na 1957, yaani Bwami ukiwa umeshakatazwa kwa miaka kadhaa, alikaa kati ya Balega na kushuhudia watu wakiingizwa katika madaraja. Kwa hiyo mfanyakazi wa taasisi ya serikali aliandika kwa kirefu jambo ambalo serikali ilidai limekwisha. Aliandika nyimbo, mafumbo, majina ya vitu, mpangilio wa matendo. Kitabu chake kikubwa, "Lega Culture", kilitoka mwaka 1973. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifundisha UCLA, chuo kilekile chenye makumbusho ya Fowler. Alifariki mwaka 2019.

Kutokana na kazi yake tunajua mambo mawili yaliyofanya Bwami uweze kufichwa.

La kwanza ni udogo. Sanamu kubwa haifichiki, lakini lukungu inaingia ndani ya mfuko wa bega. Vitu vya ukoo viliwekwa katika kikapu na kukabidhiwa mtu mmoja, naye alijua wapi pa kuviweka.

La pili ni kwamba kitu kingine kingeweza kushika nafasi ya kile kilichopotea. Pembe ilipoadimika, mti au mfupa ulitumika. Hata balbu ya umeme, iliyotoka labda kwenye nyumba ya kampani, ilionekana ikitumika mahali pa kitu cha zamani. Mzungu anayependa "sanaa halisi" anasikitika akisikia hivyo. Mtu wa Bwami hasikitiki, kwa sababu kilichotakiwa ni kitu kinachobeba neno, na balbu nyeupe, laini, inayong'aa, inabeba.

Lakini isisemwe kwamba marufuku haikuumiza. Biebuyck alipofika, uchongaji wa pembe ulikuwa umekaribia kwisha. Wachongaji waliojua walikuwa wazee, na kijana asiye na wa kumchongea hajifunzi. Marekani baada ya 1933 viwanda vya pombe vilifunguliwa upya mwaka huohuo, maana ujuzi ulikuwa bado upo. Pangi mkono uliokatika kati ya mwalimu na mwanafunzi haukuungwa kwa amri nyingine.

Kutoka kikapu hadi kioo

Vitu vilitokaje Pangi mpaka Los Angeles? Kwa njia nyingi ndogondogo. Vingine vilichukuliwa na watawala na wamisionari tangu zamani. Vingine vilikusanywa na watu wa migodi. Nicolas de Kun, mtaalamu wa mawe na madini aliyefanya kazi katika eneo hilo, aliandika makala kubwa juu ya sanaa ya Balega mwaka 1966, na alikuwa mkusanyaji pia. Vingine vilinunuliwa na wafanyabiashara baada ya uhuru, wakati wa vurugu na njaa, mtu alipokuwa tayari kutoa kikapu cha babu yake kwa chumvi na nguo.

Baada ya hapo vilisafiri kutoka mkono hadi mkono, Brussels, Paris, New York. Mnunuzi mmoja alikuwa Jay Last, Mmarekani aliyekuwa kati ya vijana wanane waliounda kampuni ya Fairchild Semiconductor mwaka 1957, kampuni iliyosaidia kuzaa tasnia ya kompyuta ya California. Last alipenda vitu vya Balega kuliko vingine vyote vya Afrika, akavinunua kwa miaka mingi, kisha akavipa makumbusho ya Fowler. Mwaka 2001 Fowler iliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Balega, na msomi Elisabeth Cameron akaandika kitabu chake. Mwaka 2013 vikapelekwa Paris, katika makumbusho ya quai Branly, kwa maonyesho yaliyoitwa kwa Kifaransa "Secrets d'ivoire", siri za pembe.

Jina hilo lina ukweli, na linauma. Katika Bwami kitu hicho hakikuonyeshwa kwa asiyeingizwa. Mtu alikitafuta nusu ya maisha yake. Leo mtoto wa shule wa Los Angeles anakitazama kwa dakika moja, anageuka kwenda kula.

Kuna jambo jingine ambalo kioo hakionyeshi. Mwenye kitu alikipaka mafuta, akakisugua, kama anavyopaka mwili wake mwenyewe. Rangi ile ya njano inayoelekea wekundu, ambayo wakusanyaji wanaisifu na kulipia, ni mafuta ya mikono ya watu. Kindi alipofariki, vitu vyake viliwekwa kwa muda kwenye kaburi lake, kisha vikapokelewa na ndugu aliyestahili. Kwa hiyo kila sanamu ilikuwa na mnyororo wa majina: nani aliishika, nani kabla yake, nani kabla ya huyo. Kibao cha makumbusho kwa kawaida husema Lega, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pembe ya ndovu, kipimo kwa sentimita. Majina yamebaki njiani.

Nani anarudisha nini

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa kurudisha. Mwezi Februari serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Kongo wa wakati huo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Mwezi Juni mfalme Philippe alileta Kinshasa sura ya Kakungu ya Basuku, kwa mkopo usio na mwisho. Siku chache baadaye jino la Lumumba, yule kijana wa Kalima, likakabidhiwa kwa familia yake Brussels na kuletwa nyumbani. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo Ubelgiji ikatunga sheria inayowezesha vitu vya enzi ya ukoloni kurudishwa.

Lakini sheria hiyo inahusu mali ya dola la Ubelgiji. Haigusi mkusanyaji binafsi wa Brussels, wala Paris, wala Los Angeles. Kwa vitu vya Bwami hilo ni pengo kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya vile vizuri vilipita mikononi mwa watu binafsi.

Hata hivyo Fowler yenyewe imeonyesha kwamba mlango unaweza kufunguliwa. Mwezi Februari 2024 makumbusho hayo yalirudisha Kumasi, Ghana, vitu saba vya kifalme vya Waasante, moja kwa moja na bila masharti ya mkopo. Waingereza walikuwa wamevipora au kuvitoza kama faini katika karne ya 19.

Balega wakidai, wataanza na ugumu ambao Waasante hawakuwa nao. Waasante wana kiti cha enzi, wana Asantehene, na wana vita vya mwaka 1874 vilivyoandikwa katika kila kitabu cha historia. Mpokeaji alijulikana na siku ya wizi ilijulikana. Bwami hauna mfalme wa kupokea, na vitu vyake viliondoka kimojakimoja, usiku, chini ya amri iliyowafanya wenyewe waonekane wahalifu. Aliyeuza mwaka 1950 aliuza kwa hiari? Mtu aliyeshikilia kitu ambacho sheria imekikataza, akiletewa bei ndogo na mtu asiyeogopa sheria hiyo, yuko katika biashara ya namna gani? Wanasheria watabishana. Mwenye kuandika orodha ya makumbusho asingepaswa kuandika tu "kilinunuliwa" na kufunga daftari.

Kuna pia suala la pembe yenyewe. Tangu 1989 biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imezuiwa na mkataba wa CITES, na hata kitu cha zamani kikivuka mpaka kinahitaji vyeti. Marufuku nyingine tena, safari hii yenye nia njema, nayo inasimama kati ya Pangi na vikapu vyake.

Na vikirudi, vitakaa wapi? Kinshasa kuna makumbusho mapya ya taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Mtu wa Pangi kufika huko kunahitaji kwanza barabara ya kwenda Kindu, ambayo katika majira ya mvua kila dereva wa pikipiki anaijua, halafu ndege. Kwa wengi Kinshasa ni mbali karibu sawa na Los Angeles. Nyumba za kampani Kalima na Kampene zinahesabiwa katika mali tangu Symétain na Cobelmin, hadi SOMINKI ya 1976, hadi SAKIMA ya 1997. Paa moja kati ya hizo lingetosha kuwa na chumba kimoja chenye kufuli. Huenda watu wa Bwami wangetaka chumba hicho kiwe na kioo na taa kwa ajili ya wageni. Huenda wangetaka kibaki kimefungwa, kifunguliwe siku ya kuingizwa tu. Uamuzi huo ni wao, na hakuna makumbusho ya California yanayoweza kuutoa kwa niaba yao.

Kwa sasa kinachowezekana hakihitaji ndege. Picha za vitu vingi zinapatikana katika vitabu na katika mtandao, na maandishi ya Biebuyck yanataja koo za Balega na jinsi vitu vilivyokuwa vikishikwa. Simu moja yenye picha hizo, ikiwekwa mbele ya wazee wa Pangi waliopanda madaraja, inaweza kurudisha baadhi ya majina yaliyobaki njiani. Kazi hiyo ina muda wake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1957, Biebuyck alipomaliza utafiti wake, alizaliwa mwaka 1937.